Maneti ya USB isiyotetemeka kwenye michezo ya zamani: anza na mota, mchezo uje mwisho

Maneti za USB (manette, kidude cha mkononi cha kuchezea michezo ya kompyuta) zisizo na jina kubwa, zile zinazopangwa mezani kwenye soko la mtaa wa Kenya na pembeni ya soko la Mzee hapa Lubumbashi, karibu zote zimeandikwa kwenye boksi kwamba zinatetemeka. Ukifika nyumbani ukachomeka, vitufe vyote vinaitika na mchezo unachezeka, ila mkono hausikii kitu. Mwenye chumba cha michezo atakuambia: «Vieux, maneti ni nzima, mchezo ndio wa zamani.» Mara nyingi anausingizia mchezo.

Mtetemo unapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Mchezo unatoa amri, Windows inaipokea, dreva (programu ndogo inayoongoza kifaa) inaipeleka kwenye maneti, ubao wa ndani unawasha transista, transista inazungusha mota. Pakikatika mahali popote, hakuna ujumbe wa kosa utakaouona kwenye skrini; ni kimya tu. Kwa hiyo kagua kuanzia mkiani: mota kwanza, mchezo mwisho. Anayeanza na mchezo hujikuta amemaliza mega zake kwa kupakua programu tatu nne kwa ajili ya maneti ambayo ndani yake hamna mota hata moja.

Mota zimo?

Chomoa maneti kwenye kompyuta, itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinabiringika, ama skrubu imechomoka ama uzito umetoka kwenye mhimili wa mota. Ikiwa nyepesi mno kwenye mishikio, shuku kwamba ni tupu. Lakini jibu la uhakika liko ndani.

Fungua skrubu za nyuma kwa tuluvisi ndogo ya nyota, PH0 au PH1. Kwa kawaida ni kati ya 5 na 8, na moja hupenda kufichwa chini ya lebo. Achanisha maganda polepole, maana vitufe vya L2 na R2 vina spring zinazoruka na kupotea. Mota ni silinda ndogo ya chuma yenye kipande cha nusu duara kwenye mhimili. Ya kushoto hubeba uzito mkubwa na hutoa mtetemo mzito. Ya kulia hubeba uzito mdogo na hutetemeka haraka haraka. Kuna maneti za mota moja. Kuna pia zenye kitanda cha mota kilicho wazi kabisa, hata waya hazipo, ilhali ubao ni uleule na namba za USB ni zilezile. Kompyuta haiwezi kuzitofautisha: inatuma amri na kuendelea na shughuli zake.

Ikiwa mota zimo, zijaribu kwa jiwe moja la redio, AA la volti 1.5. Gusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi kwa sekunde moja au mbili. Mota nzima inazunguka papo hapo. Isipozunguka, sukuma uzito kwa kidole. Vumbi jekundu la kiangazi chetu linaingia kila upenyo, likichanganyika na jasho la vidole linakaza mhimili. Futa kwa pamba yenye alkoholi, zungusha kwa mkono, jaribu tena.

Kosa linaloonekana zaidi ni waya uliokatika kwenye mguu wa mota. Menya milimita 2 au 3, paka risasi kwanza kwenye waya wenyewe, kisha unganisha kwa chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40. Usikae juu ya mguu zaidi ya sekunde 3: plastiki ya nyuma ya mota inayeyuka na brashi za ndani zinahama, hapo mota imekufa. Ukiirudisha, ikandamize mpaka ikae sawasawa kitandani. Uzito unaogusa ganda hutoa mkwaruzo na mtetemo dhaifu, na hakuna dreva itakayoponya hilo.

Taa nyekundu

Maneti nyingi za umbo la PlayStation 2 zina kitufe cha Analog au Mode katikati. Taa yake ikiwa imezimika, nyingi hazipokei amri ya mtetemo hata kama kila kitu kingine kiko tayari. Ibonyeze, taa iwake, ndipo uendelee. Jambo hili linasumbua hasa mtaani kwenye délestage: umeme ukienda na kurudi, maneti inaamka taa ikiwa imezimika, na mchezaji anaapa kwamba jana ilikuwa inatetemeka. Ni kweli, ilikuwa inatetemeka.

Itambue kwa namba, si kwa rangi wala maandishi

Jina lililo kwenye boksi halikusaidii kutafuta dreva. Kinachosaidia ni namba mbili, VID ya mtengenezaji na PID ya kifaa. Kwenye Windows ya Kifaransa fungua Gestionnaire de périphériques, nenda Périphériques d'interface utilisateur, bofya mara mbili Contrôleur de jeu HID, kisha Détails, na kwenye orodha chagua Numéros d'identification du matériel. Utakuta mojawapo ya hizi, kwa maneti za bei ndogo:

- VID_0079 na PID_0006: ubao wa DragonRise, umeenea kuliko zote.
- VID_0810 na PID_0001: familia ya Twin USB, yaani maneti mbili kwenye waya mmoja, au adapta ya kuchomekea maneti za PlayStation 2.
- VID_0E8F na PID_0003: GreenAsia.
- VID_045E na PID_028E: maneti inajitambulisha kama ya Xbox 360. Hiyo haihitaji dreva ya CD. Ruka mpaka kwenye sehemu ya XInput hapo chini.

Dreva

Windows peke yake inasoma vitufe na vijiti vya maneti hizi bila kuongezewa kitu. Mtetemo haumo. Kwa tatu za kwanza hapo juu, mtetemo unaletwa na faili ya DLL (kipande cha programu kinachoitwa na programu nyingine) ya mtengenezaji, ambayo dreva inaiandikisha ndani ya Windows. Ndiyo kazi ya ile CD ndogo ya sentimita 8 ambayo watu wengi wanaitupa pamoja na boksi. Usiisukumize CD hiyo kwenye kompyuta ya mkononi inayomeza CD kwa mdomo bila sinia, itakwama. Inakili kwenye flashi kupitia kompyuta yenye sinia.

Fuata mpangilio huu:

1. Chomoa maneti. Ondoa dreva nyingine yoyote ya maneti iliyowahi kuwekwa, uwashe upya.
2. Bofya faili ya Setup kwa kitufe cha kulia, chagua Exécuter en tant qu'administrateur.
3. Chomeka maneti, subiri Windows imalize kuitambua, washa taa ya Analog.
4. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua maneti, bofya Propriétés.

Hapo ndipo unapojua. Ikiwa dirisha ni lilelile la kawaida la Windows, lenye ukurasa wa kujaribia vitufe na ule wa kurekebisha vijiti tu, dreva haikushika. Dreva iliyoshika hubadilisha dirisha: mara nyingi utaona picha ya maneti na mahali pa kujaribu mtetemo wa kushoto na wa kulia. Bonyeza, sikiliza mkono.

Kwenye Windows 10 na 11 ya biti 64, dreva hizi za zamani mara nyingi hukataliwa kwa kukosa saini ya kidijitali. Shika Shift ukibofya Redémarrer, ingia Dépannage, Options avancées, Paramètres, Redémarrer, halafu bonyeza 7 ili kuruhusu dreva isiyo na saini kwa uwashaji huo mmoja. Weka dreva, kisha washa upya kama kawaida. Fanya hivyo kwa dreva ya CD au ya chanzo unachokiamini tu, maana tovuti za dreva za bure zimejaa virusi, na hatua hii ndiyo inayowafungulia mlango.

Sasa mtego unaowachanganya hata mafundi. Kwenye joy.cpl maneti inatetemeka vizuri, ndani ya mchezo hamna kitu. Sababu: joy.cpl ya Windows ya biti 64 inatumia DLL ya biti 64, iliyo ndani ya System32. Michezo ya zamani karibu yote ni ya biti 32, nayo inahitaji DLL ya biti 32 iliyo ndani ya SysWOW64. Dreva ikileta moja tu, upande mmoja unabaki bubu. Ili kujaribu upande wa biti 32, bonyeza Windows na R, uandike:

C:\Windows\SysWOW64\rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL joy.cpl

Mtetemo ukikosekana hapo na ukapatikana kwenye joy.cpl ya kawaida, umeshapata kosa: tafuta dreva ya maneti yako iliyo na DLL za pande zote mbili. Kompyuta ya mitumba yenye Windows 7 ya biti 32 haina shida hii, na kwa chumba kinachocheza michezo ya zamani tu, bila intaneti, si aibu kuiacha hivyohivyo.

Ukiwa na multimita, jaribio la dirisha hili linakusaidia pia kuhukumu ubao. Iweke kwenye volti 20 DC, gusa miguu miwili ya mota wakati unabonyeza jaribio. Volti ikipanda na mota haizunguki, mota ni mbovu. Volti isipopanda kabisa, ama amri haifiki ama transista imekufa. Transista hizo mara nyingi ni vidude vya miguu mitatu vilivyoandikwa J3Y, yaani S8050, na mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuhamisha moja kutoka kwenye ubao wa maneti nyingine iliyokufa.

Kutenganisha kosa la maneti na kosa la Windows

Huna CD na hujui dreva ipi inafaa? Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, inamaliza ubishi, kwa sababu kernel (kiini) yake ina dreva za mtetemo za DragonRise, PantherLord (hiyo 0810:0001) na GreenAsia. Washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu au Debian bila kuisakinisha, kisha kwenye terminali:

sudo apt install joystick
ls -l /dev/input/by-id
sudo fftest /dev/input/event5

Badala ya event5 weka namba unayoiona kwenye mstari unaoishia na event-joystick. Andika 4 kwa mota nzito, 5 kwa mota nyepesi, na -1 kutoka. Ikitetemeka hapa, maneti ni nzima na shida yako ni dreva ya Windows. Faili ya Ubuntu ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tafuta mtu aliye nayo tayari kwenye flashi badala ya kuimaliza forfait yako ya intaneti.

Mchezo unatumia njia ipi?

Windows ina njia mbili za mtetemo. DirectInput ndiyo ya zamani. Ilipata mtetemo kwenye DirectX 5, mwaka 1997. XInput ilikuja na maneti ya Xbox 360 mwaka 2005. Mchezo ulioandikwa kwa njia moja hausikii nyingine, na kundi la tatu ni michezo ambayo toleo lake la kompyuta halina mtetemo kabisa.

*DirectInput.* Hapa maneti ya DragonRise yenye dreva nzuri iko nyumbani. Ingia kwenye menyu ya Controls ya mchezo, au kwenye programu ndogo ya mipangilio iliyo kwenye folda yake, uwashe Vibration au Force Feedback, na upandishe nguvu kama ipo. Michezo mingine inasikiliza maneti ya kwanza tu: kwenye joy.cpl bofya Avancé, uchague maneti yako, au chomoa nyingine zote. Kumbuka pia kwamba mtetemo wa DirectInput unamilikiwa na programu moja kwa wakati mmoja. Dirisha la majaribio likibaki wazi nyuma, linaweza kuushikilia na mchezo ukakosa. Funga kila kitu kinachogusa maneti, na Steam kama ipo.

*XInput.* GTA IV ni mfano mzuri: inatambua maneti ya aina ya Xbox 360 pekee. Kabla ya kupakua chochote, jaribu kubadilisha hali ya maneti yenyewe. Nyingi za miaka ya karibuni zina hali mbili. Shika Home au Mode kama sekunde 5 mpaka taa zibadilike, kisha angalia VID. Ikigeuka 045E, umemaliza. Windows 7 inaweza kuomba dreva ya Xbox 360, matoleo ya baadaye yanayo tayari.

Isipobadilika, tumia x360ce, programu inayofanya maneti ya kawaida ionekane kama ya Xbox 360. Kwa kompyuta dhaifu na mchezo mmoja mmoja, toleo la 3 linatosha:

1. Washa mchezo, fungua Gestionnaire des tâches uone kama ni wa biti 32. Windows 7 inaweka *32 pembeni ya jina.
2. Chukua x360ce ya biti hizohizo, iweke kwenye folda ileile yenye exe ya mchezo, yaani faili inayouwasha.
3. Iwashe, kubali itengeneze xinput1_3.dll, panga vitufe.
4. Fungua ukurasa wa Force Feedback, weka alama ya kuwasha, nguvu asilimia 100, sogeza vitelezi vya mota mbili uone.
5. Hifadhi, funga x360ce, kisha ucheze.

Kimya kwenye hatua ya 4? Badilisha aina ya nguvu: Constant, Sine, Sawtooth. Dreva za bei ndogo mara nyingi hukubali mojawapo tu. Mota zikiwa zimebadilishana, mzito kulia na mwepesi kushoto, kuna kisanduku cha kuzigeuza. Na kama mchezo hauioni kabisa, badilisha jina la DLL liwe xinput1_4.dll au xinput9_1_0.dll, kutegemea ni ipi mchezo unaiita.

Jambo ambalo karibu kila mwongozo mfupi unalisahau: x360ce haileti mtetemo. Inapokea amri ya XInput na kuigeuza kuwa ya DirectInput, kisha inaikabidhi kwa dreva ya maneti yako. Ukiruka sehemu ya dreva hapo juu, x360ce itapanga vitufe vizuri sana na mtetemo utaishia hewani.

Toleo la 4 linafanya kazi kwa namna nyingine. Linatengeneza maneti bandia ya Xbox 360 ndani ya Windows kwa msaada wa dreva iitwayo ViGEmBus, halihitaji DLL kwenye folda ya mchezo, na lazima libaki wazi unapocheza. Mchezo ukianza kuona maneti mbili na mchezaji akaanza kutembea peke yake, ficha ile ya kweli kwa programu iitwayo HidHide.

Kuna na hali ya kinyume: una maneti ya Xbox, mchezo ni wa DirectInput. Dreva ya Xbox haitoi mtetemo kwa njia hiyo, tena inaviunganisha vitufe vya LT na RT kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo kwenye mchezo wa magari mafuta na breki vinafutana. Dawa ni programu iitwayo Xidi: weka dinput8.dll yake, au dinput.dll kwa michezo ya zamani zaidi, pembeni ya exe. Ikiwa maneti yako ina hali mbili, kuirudisha kwenye hali ya kawaida na kuweka dreva yake ni njia fupi zaidi.

*Michezo isiyo na mtetemo.* GTA San Andreas ya kompyuta ndiyo inayoulizwa kila siku. Hakuna dreva itakayoitetemesha, kwa sababu amri yenyewe haitoki. Inahitaji nyongeza iitwayo GInput ya mtengenezaji aitwaye Silent, pamoja na ASI Loader inayopakia nyongeza ndani ya mchezo, kwenye toleo la 1.0 la mchezo. GInput nayo inataka maneti ya XInput. Kwa maneti ya kawaida washa x360ce ya 4 kwanza, mchezo baadaye. GTA III na Vice City zina GInput zao.

Kwa wenye vyumba vya michezo

Maneti ikikatika na kurudi kila mara mtetemo unapoanza, usilaumu programu. Mlango wa USB 2.0 unatoa miliampia 500 kwa juu kabisa, na hub isiyo na umeme wake inagawa hizo 500 kwa maneti zote. Nne zikitetemeka pamoja wakati wa goli, moja inazimika. Nunua hub yenye adapta yake, au chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Milango ya mbele ya mashine za mitumba mara nyingi ina waya uliochoka. Urefu wa waya pamoja na nyongeza usizidi mita 3, kwa kuwa nyingi ya maneti hizi hutumia USB ya mwendo mdogo kabisa.

Na mchezo ukiganda katikati ya mtetemo, mota itaendelea kuzunguka kwa sababu amri ya kusimama haikufika. Usimwachie mtoto aishike hivyo akisubiri kompyuta iwashwe upya: chomoa waya, mota na transista zinapata joto haraka.